Commodore 64 Imekataa Kuwaka: Kutoka Dalili Hadi Chipu Iliyokufa

Ukikuta tangazo la Commodore 64 limeandikwa "haijajaribiwa", soma: "imejaribiwa, ikakataa". Muuzaji ana televisheni kwake kama watu wengine, na kuchomeka waya mbili hakuhitaji shahada. Lakini hilo lisikukatishe tamaa. Mashine hii ilioneshwa mara ya kwanza Januari 1982, ikaingia madukani Marekani Agosti mwaka huo kwa dola 595, na iliundwa enzi ambazo kila kazi ilikuwa na chipu yake: moja inachora picha, moja inatoa sauti, mbili zinasimamia kibodi na milango, nane zinabeba kumbukumbu. Ikifa mojawapo huacha alama, na mwenye mita na subira anaweza kuifuata alama hiyo hadi mwisho.

Tatizo ni vipuri. Chipu kubwa zilitoka MOS Technology, kampuni ambayo Commodore iliinunua mwaka 1976, na Commodore yenyewe ilifilisika mwaka 1994. VIC-II ya picha na SID ya sauti hazitengenezwi tena kiwandani. Anayebadilisha chipu kwa kubahatisha huku umeme mbovu ukiendelea kuingia anaua ya pili, kisha ya tatu, na hizo hazirudi. Kwa hiyo hapa tutaanza na umeme, na kila dalili itakapotuchanganya tutarudi kwenye umeme.

Kabla hujawasha: tofali

Adapta ya asili ni nzito na haifunguki, na wapenzi wa mashine hizi huiita tofali. Ndani mna transfoma inayotoa umeme wa aina mbili: volti 9 za AC (mkondo geu) zinazokwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, na volti 5 za DC (mkondo mnyoofu) zinazopita kwanza kwenye regyuleta, kifaa cha kuzishikilia zisipande. Matofali mengi yamemiminiwa utomvu mgumu ndani, kwa hiyo joto halina pa kutokea na fundi hana pa kuingilia.

Regyuleta hiyo ikichoka, mara nyingi haizimi. Inaachia. Volti 5 zinakuwa 6, kisha 7 na zaidi, na mstari huo hauna kinga yoyote kwenye bodi: unafika kwenye RAM, yaani chipu za kumbukumbu, na chipu nyingine kama ulivyo. Kuna mashine zilizokaa stoo miaka thelathini zikiwa nzima, zikauawa siku ile mtu alipochomeka tofali lake la asili "kuona tu kama inawaka".

Pima kwanza tofali likiwa peke yake. Plagi ina pini saba. Ya katikati ni namba 2, upande wa hasi. Namba 5 ni chanya ya volti 5. Namba 6 na 7 ni AC. Kati ya 5 na 2 tafuta volti 4.75 hadi 5.25; ikipita hapo, tofali limestaafu, hakuna mjadala. Kati ya 6 na 7, mita ikiwa kwenye AC, utaona 9 au zaidi kidogo kwa sababu hakuna mzigo.

Kipimo hicho hakitoshi, maana tofali linaweza kusoma vizuri likiwa halibebi kitu. Weka resista ya oma 4.7 yenye uwezo wa wati 10 kati ya pini 5 na 2. Itavuta takriban ampea moja, karibu na kile kompyuta yenyewe inachovuta, na itapata moto, kwa hiyo iweke juu ya kigae au sahani. Subiri nusu saa ukiangalia mita. Ikishuka hadi 4.5, au ikianza kupanda taratibu, umepata mhalifu kabla hajaingia ndani.

Ushauri wangu ni kulistaafisha tofali la asili hata likifaulu. Zipo adapta mpya zinazouzwa kwa ajili ya mashine hii, na fundi mzuri anaweza kukutengenezea moja: kifaa cha volti 5 cha ubora unaoaminika chenye ampea 2, pamoja na transfoma ya volti 9 AC, kwenye kasha moja lenye fyuzi. Asibadilishe ile AC kuwa DC akidhani anakusaidia. Bodi huipandisha AC hiyo ili kupata volti 12, na saa za ndani za chipu mbili za CIA, zile zinazosimamia kibodi na milango, huhesabu mawimbi yake.

Kwa walioletewa mashine na ndugu kutoka Marekani: tofali lake linataka volti 120. Ukilichomeka kwenye ukuta wa Dar es Salaam au Nairobi unalipatia karibu mara mbili ya hizo, na halitasema kwaheri. Huhitaji kutafuta transfoma ya kushushia. Mashine yenyewe inataka 5 DC na 9 AC tu, kwa hiyo adapta ya Ulaya ya volti 230 inaiwasha bila shida. Picha itatoka kwa mfumo wa NTSC, ule wa televisheni za Marekani, na televisheni nyingi bapa za leo huipokea kupitia mlango wa AV.

Taa haiwaki

Taa nyekundu inalishwa na mstari wa volti 5 unaotoka kwenye tofali. Kama haiwaki lakini picha ipo, ni taa yenyewe au plagi yake ndogo imechomoka. Endelea na maisha. Kama hakuna taa wala picha, na tofali umelipima, basi njia imekatika katikati: tundu la umeme au swichi.

Tundu hulegea kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Geuza bodi utazame lehemu ya pini zake kwa kioo cha kukuzia. Ukiona duara jembamba jeusi kuzunguka pini, hapo pamepasuka, lehemu upya. Swichi inafanya hila zaidi, kwa sababu haifi yote. Inaota kutu ndani na kula sehemu ya volti. Tofali linatoa 5.1, bodi inapokea 4.5, na wewe unaanza kushuku chipu kwa kuwa mashine inawaka kisha inaganda. Kwa mashine iliyoishi Mombasa, Tanga au Unguja, penye upepo wa chumvi, ningeanza na swichi. Nyunyizia dawa ya kusafishia swichi na uibonyeze mara nyingi umeme ukiwa umetolewa.

Pa kupimia volti 5 kwenye bodi ni kwenye chipu yoyote ya RAM aina ya 4164. Angalia hapa, maana wengi huteleza: kwenye chipu hizi chanya ni pini 8 na hasi ni pini 16, kinyume cha chipu nyingi za kawaida.

Taa inawaka, televisheni inasema hakuna mawimbi

Kuwaka kwa taa hakuoneshi kwamba chipu ya picha ina umeme. Kwenye bodi ndefu za kawaida, VIC-II na saketi ya saa hazitumii volti 5 za tofali. Zina zao, zinazotengenezwa kwenye bodi kutokana na ile AC: regyuleta VR2 hutoa 5, VR1 hutoa 12. AC ikikosekana, taa itang'aa kama kawaida na VIC-II itakuwa imelala.

Kwa hiyo tazama fyuzi iliyo kwenye bodi, ya ampea 1.5. Usiiangalie kwa macho tu, ipime. Ikiwa nzima, pima mguu wa kutokea wa VR1 na wa VR2. Fyuzi mpya ikiungua papo hapo kuna shoti, na wa kwanza kushukiwa ni ile rektifaya ya miguu minne inayogeuza AC kuwa DC, kisha chochote kilichochomekwa kwenye mlango wa nyuma wa mtumiaji. Usiweke waya badala ya fyuzi. Najua mafundi wanavyopenda.

Umeme ukiwa sawa, rudi kwenye waya wa televisheni. Tundu la antena la mashine za PAL, mfumo wa televisheni wa Ulaya, hutoa picha kwenye chaneli 36 ya UHF, na televisheni lazima itafute chaneli za analogia, si za king'amuzi. Ukipata picha bila sauti kwenye mashine ya Uingereza, huenda hakuna ubovu wowote. Uingereza sauti ilikaa MHz 6.0 juu ya picha, na televisheni za mfumo wa B/G huitafuta 5.5. Dawa ni kuachana na antena na kutumia waya wa AV. Tundu lake ni la pini nane kwenye mashine nyingi, na pini tano kwenye zile za mwanzo kabisa.

Skrini nyeusi tii

Hii ndiyo dalili inayoleta mashine nyingi mezani, na inatofautiana na ile iliyotangulia. Hapa televisheni haisemi hakuna mawimbi. Imekubali picha, ila picha yenyewe ni nyeusi. Maana yake VIC-II inapumua na saketi ya saa inafanya kazi. Kinachokosekana ni akili: kichakataji 6510 hakijafika mahali pa kuiambia VIC-II ichore nini.

Hesabu kwanza sekunde tatu. Hata mashine nzima huonesha weusi kwa muda huo, kwani KERNAL, programu ya msingi inayoiamsha mashine, inapima kumbukumbu kabla ya kuandika chochote. Weusi ukidumu, washukiwa ni wengi: PLA (chipu inayogawa zamu za kumbukumbu), RAM, chipu ya KERNAL, kichakataji, CIA ya pili, saketi ya kuanzishia, au chipu ndogo zinazogawa anwani za RAM. Usianze na unayoipenda. Anza na vipimo visivyo na gharama.

Zima, chomoa, gusa chuma kilichoungwa na ardhi ili utoe umeme tuli mwilini, kisha chomoa kila chipu iliyo kwenye soketi na uirudishe. Miguu huota kutu nyembamba isiyoonekana, na kitendo hicho pekee kimefufua mashine nyingi. Angalia mwelekeo wa kijipengo cha kila chipu kabla ya kuitoa. Kuirudisha kinyume ni kuiua.

Washa, na baada ya dakika moja pitisha kidole juu ya RAM nane. Zinapaswa kuwa vuguvugu kwa usawa. Moja ikikuchoma wakati jirani zake zimepoa, hiyo ina shoti ndani. PLA, VIC-II na SID hupata moto hata zikiwa nzima, kwa hiyo joto lao lisikushtue.

Kisha pini 40 ya kichakataji. Hapo ndipo inapofika amri ya kuanza. Ukiwasha, mita ioneshe karibu na sifuri kwa kitambo kifupi sana, halafu ipande juu na kubaki. Ikibaki chini daima, kichakataji kimeshikiliwa mlangoni, na unatafuta kosa kwenye U20 (namba za U ni majina ya chipu kwenye bodi), chipu ya kuhesabu muda aina ya 556, na vitu vilivyoizunguka. Watu wengi hubadilisha PLA na kichakataji kabla ya kufanya kipimo hiki cha nusu dakika.

Sasa katriji. Michezo mingi ya zamani ya katriji hubadili ramani ya kumbukumbu ikapita kando ya KERNAL na BASIC, lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine, na inatumia RAM kidogo tu. Ikiwa skrini ni nyeusi bila katriji lakini mchezo unacheza, basi kichakataji, VIC-II na sehemu kubwa ya PLA ni wazima, na uchunguzi unahamia kwenye ROM, chipu zinazobeba programu za kudumu kama KERNAL na BASIC, na kwenye RAM. Bora zaidi ni katriji ya uchunguzi ya Commodore yenyewe, namba 781220, ambayo nakala zake zinapatikana kwa urahisi. Haitegemei ROM za mashine. Ikikuta RAM mbovu huimulikisha skrini nzima, na idadi ya mimuliko, kuanzia mmoja hadi minane, ndiyo inayotaja chipu ipi. Ikiwa hata nayo inaacha skrini nyeusi, PLA inasogea mbele ya foleni.

PLA ni chipu inayoamua nani asome kumbukumbu na wakati gani. Kwenye bodi ndefu ni U17, mara nyingi imeandikwa 906114-01, na inakufa kuliko nyingi kwa sababu inaungua joto maisha yake yote. Mbadala wa kisasa upo na unafanya kazi vizuri. Kaa mbali na ule wa kubabaisha unaotengenezwa kwa EPROM, chipu ya kumbukumbu inayofutika na kuandikwa upya: nyakati zake za kujibu si zile za asili, na utakuja kuona vidoa vya ajabu kwenye baadhi ya programu ukadhani VIC-II inakufa. Ukiwa na bodi fupi ya mwishoni, namba 250469, PLA hii hutaikuta, kwani imemezwa ndani ya chipu kubwa ya miguu 64.

RAM zenye alama ya mT, za Micron, zina sifa mbaya na ninazishuku kabla ya nyingine. Hali kadhalika chipu ndogo za kugawa anwani zilizotengenezwa na MOS yenyewe, kama 7708, ambayo ni sawa na 74LS257 ya kawaida. Ukizikuta zote mbili kwenye bodi moja, jiandae kwa kazi ya jioni nzima. Kuna mbinu ya kubebesha: unaweka 4164 nzima juu ya ile unayoishuku, miguu ikigusana, na kuwasha. Picha ikibadilika umepata jibu. Isipobadilika hujapata lolote, kwa sababu chipu yenye shoti huiburuza na nzima.

RAM kwa kawaida zimelehemiwa bila soketi. Kama huna mkono wa kulehemu, fundi wa redio wa Kariakoo au Luthuli anao, lakini mpe masharti kabla hajagusa. Chipu ikishahukumiwa, akate miguu yake yote kwa koleo ndogo, atoe mwili, kisha atoe mguu mmoja mmoja kwa joto la wastani na pampu ya kunyonyea lehemu. Akilazimisha kuing'oa nzima kwa chuma kikubwa, njia za shaba zitabanduka na bodi, na hapo gharama ni nyingine. Aweke soketi kabla ya kuweka chipu mpya.

Picha ipo, lakini kuna kitu hakiko sawa

Mashine nzima hufungua kwa kutangaza COMMODORE 64 BASIC V2, kisha 38911 BASIC BYTES FREE, halafu READY. Soma ile namba. Kipimo cha kumbukumbu husimama pale kinapokutana na kosa la kwanza, kwa hiyo namba ndogo kuliko 38911 ni RAM inayokwambia yenyewe kwamba ni mgonjwa.

Herufi zikiwa mapambo yasiyosomeka huku kishale kikimulika na kusogea unapoandika, ubongo ni mzima na ROM ya herufi, U5, ndiyo ya kuangaliwa. Herufi zikisomeka lakini rangi zikirukaruka kama taa za disko, tazama U6, chipu ya 2114 inayotunza rangi, na chipu ya 4066 iliyo karibu nayo. Rangi za pembezoni zikitokea bila maandishi yoyote, na katriji zikicheza, ninaelekea BASIC, U3. Takataka zinazojaa skrini nzima na kubadilika kila unapowasha hunirudisha kwenye RAM na wagawaji wake, ila kwanza kwenye mita: volti 4.6 zinaweza kuigiza takriban kila ugonjwa uliotajwa hapa.

Kibodi na jostiki

Ujumbe wa kufungulia umetokea, lakini kishale hakimuliki na hakuna kinachoandikika. Hiyo ni CIA ya kwanza, U1, inayosoma kibodi na pia kupiga kengele ya ndani inayomulikisha kishale. CIA ya pili, U2, ni chipu ileile ya 6526, kwa hiyo ikiwa zote zina soketi zibadilishane nafasi. Tatizo likihama, umemaliza uchunguzi bila kununua kitu. Ikiwa kibodi sasa inaandika na mashine haiwasiliani na draivu ya diski, CIA mbovu ni ile uliyoihamishia U2.

Chipu hizi hufa kwa umeme tuli. Pini za milango ya jostiki zimeunganishwa nazo moja kwa moja na ziko wazi ubavuni, mahali pale kidole kinapopapasa. Usichomeke jostiki wakati mashine imewashwa.

Mashine ikijiandikia herufi yenyewe, chomoa kilichopo kwenye mlango wa jostiki namba 1 kabla ya kufungua chochote. Mlango huo unatumia nyaya za kibodi, na kitufe cha jostiki kilichokwama huonekana kama mtu anayeandika. Vitufe kadhaa vinavyokufa kwa pamoja ni mstari mmoja uliokatika, ama kwenye plagi ya kibodi ama kwenye U1. Kitufe kimoja kimoja ni uchafu tu: kuna viduara vya kaboni chini yake vinavyosafishwa kwa spiriti safi na pamba ya masikio, bila kusugua. Kabla ya kutenganisha ubao wa kibodi utalazimika kufumua nyaya mbili zilizolehemiwa kwenye SHIFT LOCK, ukisahau utazikata. Na RESTORE kutaka kupigwa kwa nguvu si ugonjwa, ndivyo ilivyozaliwa.

Hakuna sauti

Andika POKE 54296,15 kisha POKE 54296,0. SID ya zamani, 6581, itatoa mlio mdogo wa "tk" kila sauti inapopandishwa na kushushwa. Mlio ukisikika lakini muziki hautoki, au sauti moja kati ya tatu haipo, SID imekufa nusu. Usiposikia kitu, pima kwanza pini 28 ya SID. Kwa 6581 unatafuta volti 12. Kwa 8580 ya mashine za baadaye unatafuta 9. Chipu hizi mbili zina umbo moja na hazibadilishani: 8580 ikiwekwa kwenye bodi ya volti 12 ina maisha mafupi. Zikiwa volti sahihi zipo na kimya kinaendelea, zipo mbadala kama ARMSID. Wapenda muziki watabisha kuhusu ladha ya vichujio vyake, nami nawaachia ubishi wao.

Inacheza dakika ishirini kisha inaganda

Hili ni joto, au umeme unaoshuka kwa sababu ya joto. Acha mita imechomekwa kwenye bodi tangu unapowasha hadi inapoganda. Volti zikishuka kabla ya kuganda, tatizo liko nje ya bodi. Zikibaki palepale, pooza chipu moja moja kwa dawa ya kupoozea na uone ipi inarudisha uhai. PLA na VIC-II ndizo za kwanza. Mashine kadhaa zilitoka kiwandani na ngao ya kadibodi yenye karatasi ya bati juu ya bodi. Inafunika joto vizuri sana. Mimi huitoa. Ngao ya chuma ni kitu kingine: ina ndimi zinazogusa chipu na kunyonya joto, kwa hiyo irudishe pamoja na mafuta mapya ya kupitishia joto.

Kuna wanaobadilisha kapasita zote siku ya kwanza kama kanuni. Kwenye Commodore 64 hiyo ni kazi isiyo na haraka, kwani kapasita zake mara nyingi bado ni nzima. Haraka hiyo ipelekeni kwenye Amiga 600 na 1200, ambazo kapasita zake huvuja na kula bodi, na kwenye Amiga 500 Plus, ambayo betri yake ndogo ikivuja humwaga sumu juu ya shaba. Ukinunua hiyo ya mwisho, toa betri siku hiyohiyo, hata kabla ya kuijaribu.

Kaseti na diski hazisomeki

Mota ya kinasa kaseti cha Datasette ikigoma kuzunguka baada ya PRESS PLAY ON TAPE, kumbuka kwamba umeme wake unatokana na ile AC: fyuzi tena, kisha transista zinazowasha mota. Ikizunguka lakini ikaleta LOAD ERROR, safisha kichwa kwa spiriti na tazama mkanda wa mpira, ambao kwa umri huu huwa umelegea au umegeuka lami. Kaseti zako zikisomeka na za mwenzako zikikataa, kichwa chako au chake kimekaa upande. Kuna skrubu ndogo ya kukirekebisha; izungushe kidogo sana ukisikiliza mkanda kwenye redio kaseti hadi sauti iwe kali kabisa.

Kwa draivu ya 1541, jibu la ?DEVICE NOT PRESENT ERROR linaanzia kwenye waya, kisha U2 na chipu ndogo ya 7406 ndani ya kompyuta, kisha draivu yenyewe. Draivu nzima ikiwashwa huzungusha mota na kuwasha taa yake nyekundu kwa kitambo kifupi, halafu vyote vinatulia. Taa ikibaki inawaka na mota ikizunguka bila kukoma, ubongo wa draivu haukuamka. Inayo kichakataji, ROM na RAM yake, na unarudi kwenye vipimo vya skrini nyeusi, safari hii bila skrini. Ikitulia vizuri lakini haisomi diski yoyote, hata baada ya kusafishwa, angalia mlango wake. Zile za kuzungusha kishikio mara nyingi ni za Newtronics, na vichwa vyake vina tabia ya kukatika nyaya ndani. Pima oma kwenye waya wa kichwa: ukikuta njia iliyokatika kabisa, kichwa hicho hakitengenezeki, tafuta draivu nyingine ya kuvuna.